Mpiganaji Uliyenichagulia

Sifa mwanangu,

Uliniambia nisikuandikie, na kwa miezi kumi na minne nimetii. Leo nakiuka neno lako. Barua hii sitaituma Nyankunde ikakukute darasani mbele ya wenzako. Nitamwachia mama yako, na nimemwambia ampe yeyote anayetaka kuisoma, hata kama itasomwa kanisani au redioni. Hapa Bunia kuna wanaume wa umri wangu ambao inawahusu sawa na mimi. Lakini ninayesema naye ni weye.

Nianze na zile wiki ulipokuwa nyumbani ukisubiri majibu ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Barabara ya Komanda ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, na huku mtaani kwetu Shari tulikuwa na kimya kile ambacho kila mtu anakitegea sikio. Hukuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimetengeneza ile kompyuta kubwa ambayo mwenyewe alihamia Kampala asirudi kuichukua, nawe ukaniomba uitumie. Ukaweka mchezo ndani yake. Espérance, binti wa jirani yetu, alikuja na kompyuta yake ndogo, mkakaa pale kwenye atelye yangu ya kutengeneza simu, katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo, mkicheza na watu wa nchi za mbali msioonana nao.

Siku moja ukanivutia kiti. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na ilikuwa zamani tangu uniombe kukaa karibu na weye. Ndiyo sababu nilikaa.

Kwenye kioo walikuwa wamesimama watu watano juu ya mawe, kila mmoja na mavazi yake, wakipumua polepole kama watu wazima wanaosubiri kuitwa. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, weye ukanieleza kwa Kiswahili, mmoja mmoja, kama mwalimu. Mpiganaji anakaa mbele, anapokea mapigo ili wenzake wasife. Mpiga mishale anaua kutoka mbali. Mwizi anapita nyuma ya adui na kisu. Mchawi anatoa moto mikononi. Na mponyaji haui mtu. Anafuata nyuma, anawainua walioanguka. Ulisema mtu akishachagua, hawezi kubadilisha tena. Atakuwa huyo mpaka mwisho, au aanze upya na jina jingine.

Nikasema nataka yule wa mwisho. Mlicheka wote wawili. Mama yako alikuwa anapita na beseni, akauliza mnacheka nini, ukamwambia Papa anataka kuwa muganga. Alisimama kidogo akatazama wale watu watano, akasema kwamba mu nyumba yake kila mtu awe anachotaka, isipokuwa mulozi, akaendelea na beseni lake.

“Papa, mponyaji ni miye,” ukaniambia. “Tukikaa babili nyuma, nani atakuwa mbele?”

Nikataka mishale. Mishale ilikuwa ya Espérance. Nikasema basi nitatazama tu. Ukanigeukia, na uso wako ulikuwa kama ule wa utotoni ulipokuwa unaomba nikubebe.

“Tunakosa mutu wa mbele. Ni kwa sababu ya ile tunakufaka kila siku.”

Basi nikakubali, nawe ukanichagulia mpiganaji. Akazunguka polepole ili tumwone mbele na nyuma. Ulimpa ndevu kama zangu, ukamtia mvi nyingi kuliko zangu, ukamwita Muzee. Halafu ikaja sehemu ya silaha. Kulikuwa na upanga mrefu, panga pana, shoka, mkuki na nyundo. Ukasubiri nitaje.

Nikasema nyundo. Ukaniambia nyundo ni nzito, inapiga mara moja wakati panga limepiga mara tatu, na wachezaji wazuri hawaichukui. Nikasema tena nyundo. Ukauliza kwa nini, nikajibu kwamba mimi ni fundi, nyundo naijua. Ulitosheka na jibu hilo. Ukweli, Sifa, ni kwamba nilivitazama vile vitu vitano, na nyundo peke yake ndiyo sikuwahi kuitumia juu ya mtu.

Tulikuwa tunacheza mchana, jua linapopiga vizuri kwenye sahani za umeme juu ya bati. Siku za kwanza Muzee aligonga kuta na kuanguka mtoni, mkaniongoza kama kipofu. Wiki ya pili nilikuwa najua. Nilikuwa natangulia, majambazi wa mchezo wananijia na visu, nawapiga. Vichwa vilipasuka. Damu iliruka kwenye majani, ikakaa kidogo, ikakauka. Maiti nayo ililala muda mfupi, kisha ikayeyuka kama moshi, na mahali pakawa safi. Nakumbuka nilifurahia jambo hilo, kwamba huko maiti wanaondoka wenyewe. Na kila nilipojeruhiwa, mwanga wa kijani ulinishukia kutoka kwako, na majeraha yakafunga. “Papa, enda, niko nyuma yako,” ndivyo ulivyokuwa ukisema.

Sitadanganya. Tangu uzaliwe sikuwahi kuwa karibu na weye kama alasiri zile. Nilikuwa naamka asubuhi nikizingoja. Wateja waliniletea simu, nikawaambia warudi kesho. Nilicheka kwa sauti vichwa vilipopasuka, na mama yako alisema kupitia dirishani kwamba tunapiga kelele kama watu wa mpira. Ilipaswa initie hofu kwamba mikono yangu, ambayo hutetemeka hata nikishika kikombe, ilikuwa imetulia kabisa.

Halafu tukafika kwenye kijiji cha wenye pembe.

Unakikumbuka. Walikuwa viumbe wenye pembe za mbuzi, lakini waliotengeneza mchezo ule waliwapa nyumba za nyasi, mashamba na mazizi. Walichora hata wadogo wanaokimbia kati ya nyumba. Kazi yetu ilikuwa kukimaliza kijiji kizima. Akitoroka hata mmoja, anaenda kuita jeshi, nasi tunaanza upya. Tulishindwa alasiri tatu. Tuliingia kwa lango, wakatawanyika, mmoja akapenya, tukafa. Wale wenzetu wa mbali wakaandika kwamba sisi ni dhaifu, wakatuacha. Weye ulikuwa karibu kulia kwa hasira.

Na mimi nikafungua kinywa. Sikufikiri. Nilisema kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni:

“Tusipite ku mulango. Espérance apande huko juu, achome nyumba za juu. Batakimbilia mayi, batu banakimbiliaka mayi. Miye nitangoja chini, fasi njia inakuwa kidogo. Na wa kwanza tusimuguse. Tumuache apite, benye kufuata baone njia iko wazi.”

Mkafanya hivyo. Moto ukawaka juu. Wakashuka wote kwa mkupuo, wakubwa na wadogo. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye majani. Wa kwanza akapita, nikamwacha. Walipojaa kwenye njia nikasimama katikati yao na nyundo, na haikuchukua muda mrefu kuliko chai kuchemka. Baadaye nikamfuata yule wa kwanza, nikammaliza kwenye maji. Hakutoroka hata mmoja. Herufi za dhahabu zikatokea. Espérance akaruka kwenye kiti akipiga makofi, na mimi nikainua mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

Kisha nikakutazama. Ulikuwa umetoa vile vifaa vya masikioni, umevishika mapajani, na hukuwa unatazama kioo. Ulikuwa unanitazama mimi.

Najua ulichokuwa unasikia. Mama yako amekusimulia tangu ulipokuwa huwezi kushika kijiko. Alikuwa na miaka kumi na sita. Waliona moto sehemu ya juu ya kijiji chao, wakakimbilia chemchemi, na yeye alikuwa na mbio kuliko wote, akatangulia. Alipita. Nyuma yake akasikia dada yake mkubwa akilia mara moja tu. Wauaji walikuwa kwenye majani pande zote mbili za njia, na yeye alipita kati yao bila kuguswa. Kila anaposimulia, humalizia kwa kusema Mungu aliwafunga macho. Alitoa ushuhuda huo kanisani mara nyingi, hata watu wanaujua kwa moyo.

Ulimwomba Espérance aende nyumbani. Akaenda, hakuelewa kitu. Ukaniuliza nimejulia wapi kwamba wa kwanza anaachwa apite. Nikasema nimesikia watu wakizungumza. Ukasema, taratibu, kwamba Mama anasema Mungu aliwafunga macho. Ukaniuliza kama nilikuwa kule.

Nilikuapia kwamba kijiji cha mama yako sikuwahi kukikanyaga, na huo ni ukweli hata leo. Ukauliza, kama si kile, ni kipi. Ndipo nikaanza kukwambia, nawe ukasimama kabla sijafika mwisho. Naandika yote sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kaka yangu alikuwa ameshushwa kwenye lori, kwenye barabara ya Komanda, akauawa kwa sababu ya jina lake. Wale waliotukusanya walituambia tukalipe kisasi. Sisemi hivyo nipate pa kuegemea, kwa sababu watu wa kijiji tulichokiendea hawakumjua kaka yangu. Jina la kijiji siliandiki, kina wenyewe. Kabila nalo siliandiki. Mtu wa Bunia akisikia jina langu anajua, na akisikia jina la mama yako anajua pia.

Tulipanda asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Mkubwa wetu aliniweka chini, kwenye njia ya chemchemi, pamoja na wengine wanne kwa sababu aliniona mtulivu. Alitueleza kazi kwa maneno yale yale niliyokuambia mbele ya kompyuta. Moto ukawaka juu. Msichana mmoja akaja mbio, mkononi ameshika kamba ya mbuzi bila mbuzi, akapita karibu nami hata nikasikia anavyohema. Tukamwacha. Wengine walipojaa njiani tukasimama.

Nilikuwa na panga. Alinijia mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani chenye ndege, mgongoni amefunga mtoto, mkononi bidoni tupu ya njano ya kuchotea maji. Hakupiga kelele. Aliinua ile bidoni mbele ya uso wake. Pigo langu la kwanza liliingia kwenye bidoni likanasa, ikabidi niweke mguu tumboni mwake ili nilitoe. Pigo la pili halikunasa. Alianguka kifudifudi, na mtoto akawa juu. Alikuwa ananitazama. Nilimkata na yeye. Sikuwa nimelewa, Sifa, wala hakuna aliyenishikia bunduki kichwani, wala wenzangu hawakuwa wananiangalia. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Ningeweza kupita nikamwacha pale. Nimelitafuta jibu la kwa nini sikupita, kwa miaka zaidi ya ishirini, na sina.

Kulikuwa na shimo la zamani la wachimba dhahabu, juu kidogo ya chemchemi. Tuliwaburuta mpaka pale, tukafukia hadi mchana, tukapanda juu yake migomba iliyong'olewa shambani ili isijulikane. Halafu tukanawa kwenye chemchemi ile ile, tukala.

Weye ulisimama nilipotamka neno mgongoni. Ulisema, “Na huyo alikuwa mama ya mutu.” Ukatoka kwenda uani.

Mama yako alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia unamwambia, kisha mchi ukasimama. Kisha akaja mlangoni mwa atelye, mikono yake ya kijani kwa majani, akanitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtambua.

“Nilijua ulibebaka bunduki,” akasema. “Batu wote balibeba. Lakini miye, kwa nini niliachwa nipite, hiyo sikujua.”

Tangu siku hiyo hajatoa ushuhuda ule tena. Watu wa kanisa walimuuliza, akasema koo linamuuma. Hilo nalo ni langu. Waliomwacha apite walikuwa wengine, lakini aliyemnyang'anya Mungu wake wa siku ile ni mimi, kwenye kiti cha mchezo, nikijionyesha fundi.

Alihamia kwenye chumba chako. Chakula alipika, sahani yangu akaifunika mezani, nanyi mkala nje. Siku ya nne ulipanda pikipiki kwenda Nyankunde, ingawa shule ya uuguzi ilikuwa haijafungua milango. Nilifunga sanduku lako kwa mpira wa baiskeli nyuma ya dereva. Ulisema nisikuandikie, na pikipiki ikaondoka.

Espérance alirudi mara mbili kuuliza kama tutacheza. Nilimwambia kompyuta imeharibika, na jioni hiyo nikaivunja kweli, ili nisiwe nimemdanganya mtoto wa watu.

Ilipita karibu mwaka. Siku moja, tukiwa wawili tu nyumbani, mama yako akaniambia bila mimi kuuliza, “Miye nilikubali kuolewa na weye. Bale batu ba kijiji kile hawakukubali kitu. Enda ubaambie.” Nikamwambia wataniua. Akasema inawezekana. Akaendelea kukunja nguo.

Nilienda kwa pikipiki. Kwenye vizuizi vya wanajeshi nilisema naenda kutengeneza redio ya parokia. Kwenye vizuizi vya vijana wenye silaha wanaofunga barabara kwa kamba nilisema hivyo hivyo. Kijiji kimejengwa upya, bati nyingi, shule ndogo. Niliuliza ni nani anayeweza kunieleza habari za siku ile, wakanionyesha mwanaume anayepanga matofali kwenye tanuru. Wanamwita Baba Baraka. Ni wa umri wangu.

Nilimwambia jina langu, nikamwambia nilikuwa chini, kwenye njia ya chemchemi. Hakuacha kazi. Alipanga matofali mawili, matatu, kisha akauliza kama namkumbuka mtu yeyote. Nikamwambia namkumbuka mwanamke mmoja. Akauliza alivaa nini. Nikamwambia kitenge cha kijani chenye ndege. Akauliza mtoto alikuwa wapi. Nikamwambia mgongoni.

Alikuwa na tofali mkononi. Alinipiga nalo hapa, begani, nikasikia mfupa ukivunjika, halafu akanipiga mdomoni. Nilianguka kwenye majivu ya tanuru. Aliendelea kunipiga, na mimi sikujikinga, si kwa ujasiri, mkono ulikuwa hauinuki. Watu wakaja mbio. Walipoelewa ni nani, vijana wakakimbilia mapanga. Mmoja alikwisha kunishika nywele na kunivuta shingo. Nilijua kabisa anachotaka kufanya na namna kinavyofanywa. Nikafunga macho.

Aliyemzuia ni Baba Baraka. Usifikiri alinihurumia. Alisema, “Umuache. Hajaonyesha fasi balibatia.”

Kwa miaka yote ile walitafuta miili ya watu wao kwenye kinamasi na mtoni, hawakuipata. Walinisukuma mpaka juu ya chemchemi, mkono wangu ukining'inia, damu ikinidondoka kifuani. Migomba tuliyoipanda ilikuwa imezaa migomba mingine mingi. Wanawake walikuwa wanakata majani yake kila siku ya soko ili kufungia chakula. Nikaonyesha.

Walichimba siku mbili. Mimi nilifungwa kwa kamba kwenye nguzo ya ofisi ya chifu, na mwuguzi wa pale alinifunga bega kwa kitambaa bila kunitazama usoni. Siku ya pili, alasiri, Baba Baraka alikuja akaketi mbele yangu chini. Mkononi alikuwa na shanga ndogo nyeupe na nyekundu, zile ambazo mama humfunga mtoto kiunoni. Uzi ulikuwa umeoza, shanga zilikuwa kwenye kiganja tu, na udongo.

Nilidhani atanipiga tena. Alizungumza kwa sauti ya kawaida. Alisema mke wake alijua amekufa, watu walimwona akianguka. Lakini mtoto hakuna aliyemwona. Basi alikuwa anajiambia kwamba mmoja wetu alimchukua Baraka akamlea, kwa sababu ilitokea kwa wengine. Kila alipokwenda Bunia alitazama nyuso za vijana sokoni, kwanza wa miaka mitano, kisha wa miaka kumi, kisha wenye ndevu. Mara moja alimfuata mmoja mpaka nyumbani kwao.

“Leo ndio umemuua,” akaniambia. Akainuka, akaenda zake.

Nilikuwa nimekwenda kule nikidhani narudisha kitu. Sijui kama nimerudisha. Ninachojua ni kwamba sasa hatazami tena nyuso za watu sokoni, na sijui kama usingizi wake umekuwa mzuri zaidi au mbaya zaidi. Sithubutu kumuuliza.

Hawakuniua. Chifu aliandika jina langu na niliyoyasema, nikatia kidole, wakanifungua nirudi Bunia. Karatasi hiyo imefika kwa waendesha mashtaka wa kijeshi hapa mjini, na nimeitwa Jumatatu. Rafiki yangu mmoja, ambaye naye alikuwa chini kwenye njia siku ile, alikuja atelye mlango ukiwa umefungwa, akaniambia nivuke ziwa niende Uganda kabla sijaanza kutaja wengine. Nilimwambia sitataja, lakini nitawaomba wajitaje. Ndiyo sababu barua hii iko wazi. Kuna wanaume wanaouza mafuta, wanaoendesha pikipiki, wanaoimba kwaya, ambao wanajua shimo fulani liko wapi, na kuna mtu anayetembea sokoni akitazama nyuso. Waende wakaonyeshe. Wataumizwa. Waende hivyo hivyo.

Kwako sina ombi la msamaha. Nililiandika nikalifuta, lilikuwa linataka weye unifanyie kazi. Nitakapokuwa gerezani, usilazimike kuniletea chakula. Mama yako amesema ataleta, na ameongeza kwamba kuleta chakula si kusema kitu kingine. Bado analala kwenye chumba chako. Juzi alikula mezani nami, mara ya kwanza.

Alipomaliza kula ndipo alinieleza habari za mazishi. Mimi nilikatazwa kufika, na ilikuwa haki. Yeye alikwenda, kwa sababu wale watu na yeye wanasema lugha moja na wamefiwa kwa namna moja. Hakuniambia kabla kwamba alikupigia simu, wala kwamba uliomba ruhusa shuleni ukaja kwa pikipiki siku nzima kwenye vumbi.

Anasema mifupa ilikuwa imechanganyika kwenye turubai, watu wamesimama kando, hawajui waanzie wapi. Ukavua viatu ukapiga magoti. Ulikuwa unajua kila mfupa ni wa wapi. Uliwapanga mmoja mmoja, bila haraka, na kila aliyetimia ukawaita wanawake wamfunike. Mtoto ulimkuta vipande vipande kati ya wakubwa, ukamkusanya, ukamweka karibu na mama yake. Baba Baraka alisimama juu yako muda wote huo. Ulipomaliza na mtoto, akakuuliza weye ni mtoto wa nani.

Mama yako anasema aliogopa. Alitaka kujibu yeye, aseme weye ni wake tu. Lakini ulikwisha kuinua uso, ukataja jina langu, lote, la kwanza na la ukoo, watu wote wakasikia. Kisha Baba Baraka akachuchumaa upande wa pili wa turubai, akakupokeza kitambaa, mkawafunika pamoja.

Nakuachia hapa, Sifa. Kaa vizuri na masomo yako.

Ni mimi,
Papa yako